Ukijifunza mantiki tenguzi, anza na Nixon

Mantiki tenguzi ni mantiki ambayo hitimisho linaweza kuondolewa taarifa mpya ikija. Vitabu vingi huanza na ndege: ndege huruka, Tweety ni ndege, basi Tweety anaruka. Halafu unaambiwa Tweety ni pengwini, na hitimisho linatenguka. Mfano si mbaya, ila haumsumbui mtu, maana jibu unalijua hata kabla ya kuandika fomula. Wanafunzi wanaoniomba msaada huwa wamekwama hapohapo: wameelewa kwamba taarifa mpya hutengua hitimisho la jana, ila hawaoni ugumu uko wapi.

Mimi huwapa Richard Nixon. Alikuwa muumini wa Quaker (wale ambao Kenya magharibi huitwa Marafiki) na pia alikuwa wa chama cha Republican. Quaker kwa kawaida hupinga vita. Republican kwa kawaida hapingi. Nixon je? Hakuna kanuni iliyo mahususi kuliko mwenzake, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Iandike kwenye clingo, programu ya bure ya kutafuta majibu yanayotokana na kanuni, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani (":-" isome "ikiwa", na "amani" ni kupinga vita):

quaker. republican.
amani :- quaker, not -amani.
-amani :- republican, not amani.

Endesha kwa kuongeza 0 mwishoni mwa amri, la sivyo utaonyeshwa jibu moja tu udhani kazi imekwisha. Majibu ni mawili, yanayopingana. Sasa uamue: unashika mojawapo, au unakubali tu yale yaliyomo katika yote mawili, yaani kuhusu Nixon na vita unanyamaza? Baada ya hapo ndipo fungua makala ya Raymond Reiter ya 1980 kuhusu kanuni za "kwa kawaida". Ile fasili yake ya seti ya mahitimisho yanayokubalika, inayojizunguka na kuwakimbiza wengi, utaiona inaeleza kitu ulichokwisha kukiona kwenye skrini.

Usipite haraka kwenye "not" na "-". Ya kwanza ni "sina ushahidi kwamba", ya pili ni "nina hakika kwamba sivyo". Anayevuka reli kwa sababu hana habari ya treni hayuko sawa na anayejua treni haiji.

Kisha msome mwanafalsafa John Pollock, hasa anapotofautisha njia mbili za kuangusha hoja: kupinga hitimisho lenyewe, au kuondoa sababu inayolibeba. Ukuta unaonekana mwekundu. Nikikwambia umemulikwa kwa taa nyekundu, sijasema si mwekundu. Nimekunyang'anya tu sababu yako. Mfumo wowote utakaochagua, upime kwa mfano huo kabla hujaanza kuandika tasnifu juu yake.