Gamu ya mafuta ya alizeti inaoza kabla ya kuwa lesithini

SWALI: Tuna kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta ya alizeti Vingunguti, hapa Dar es Salaam. Tunachanganya mafuta ghafi na maji ya moto ya kisima yaliyotiwa asidi ya fosforiki, kisha sentrifyuji, mashine inayozungusha kwa kasi, hututengea gamu, ule utomvu mzito wa kahawia. Tukiuweka kwenye mapipa, siku ya tatu unanuka na kutoa povu. Je, tunaweza kuugeuza lesithini, kiungo cha kuunganisha mafuta na maji, na kuwauzia watengeneza biskuti?

JIBU: Ndugu msomaji, gamu iliyomo ndani ya mapipa hayo haiwezi tena kuwa lesithini ya chakula, wala sikushauri uigharimie. Kinachofaa kurekebishwa ni namna mnavyoipata.

Nianze na asidi. Lesithini ni fosfolipidi (jamii ya mafuta yenye fosforasi) zilizochanganyika na mafuta kiasi, na sehemu kubwa ya fosfolipidi hizo hunyonya maji, zikavimba na kujitenga zenyewe bila kemikali yoyote. Zinazokataa maji ni zile zilizoshikamana na kalisi na magnesi, nazo ndizo zinazohitaji asidi; lakini gamu iliyopitiwa na asidi ya fosforiki huwa nyeusi inapokaushwa. Kwa hiyo igaweni kazi mara mbili: kwanza maji matupu, gamu yake ikatengwa, kisha asidi kwa mafuta yaliyobaki, na gamu ya awamu hii ya pili isichanganywe kamwe na ile ya kwanza. Maji ya kisima nayo yaacheni, kwa kuwa visima vingi vya jiji hili vina chumvichumvi, na kalisi iliyomo huzifanya hata fosfolipidi zilizokuwa tayari kutoka zigome. Tumieni maji yaliyoondolewa madini, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa mafuta, mafuta yakiwa na nyuzi 65 hadi 75 za Selsiasi, mkikoroga taratibu kwa muda wa nusu saa hivi. Kabla ya hapo mafuta yachujwe vizuri, kwa sababu vumbi la mashudu likishaingia kwenye gamu halitoki: tandaza tone la lesithini kwenye kioo, uliangalie mbele ya taa, na utaona chembe zake.

Kuhusu kuoza, gamu mbichi inaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na kwa joto la Dar es Salaam bakteria hawahitaji mwaliko mwingine. Ni lazima ikaushwe zamu ile ile, ndani ya vakyumu, yaani chombo kilichonyonywa hewa, kwa nyuzi 80 hadi 100, mpaka maji yapungue chini ya asilimia 1, kisha ipozwe upesi isije ikaendelea kuwa nyeusi. Msijaribu kuikaushia kwenye tangi la kawaida la mvuke. Kabla ya kukauka, gamu hupitia hatua ya kuwa nzito mno, ikaganda ukutani na kuungua. Inahitaji kikaushio cha tabaka jembamba chenye visu vya kukwangua.

Sasa pigeni hesabu. Tani 10 za mafuta yenye fosfolipidi asilimia 0.8 zina kilo 80 za fosfolipidi, yaani lesithini isiyozidi kilo 130 hivi, kwa kuwa wanunuzi hutaka yenye angalau asilimia 60 ya visivyoyeyuka katika kimiminika cha asetoni, ambavyo hasa ndizo fosfolipidi zenyewe. Kwa kiasi hicho, kikaushio kitachukua muda mrefu kurudisha fedha zake. Wala msitegemee kuongeza mawese, maana mawese ghafi yana fosfolipidi chache sana. Mimi ningenyunyizia gamu mbichi ya maji matupu kwenye mashudu ya moto siku ile ile, ikapotezea maji yake humo na kuongeza nguvu ya chakula cha mifugo.

Gamu iliyokwisha kuoza msiwape kuku, na msiimwage kwenye mtaro unaoelekea mto Msimbazi: fosfolipidi hugeuza maji na mafuta kuwa kama maziwa, na mtego wa mafuta wa kiwandani hauwezi kuyakamata.