Majani yanayofanana na oti: tuambie kwanza yameota wapi

Mkuu umeuliza hayo majani yenye vichwa vinavyoning'inia kama oti (nafaka ya oats) ni kitu gani, sasa picha ya kichwa peke yake haitoshi, sema yameota wapi maana hapo ndo nusu ya jibu. Kama ni katikati ya ngano au shayiri, au pembeni ya barabara, mimi moja kwa moja nahisi oti mwitu, Avena fatua. Asili yake ni ukanda wa Mediterania na Asia magharibi, ikasambaa na mbegu chafu za nafaka hadi Kanada, Australia, Argentina, na vile vilima vya California vinavyogeuka dhahabu kiangazi vimejaa hiyo na ndugu yake Avena barbata.

Nimeng'oa sana hili gugu kwenye ngano, na likiwa changa linakuzuga kweli. Shika pale jani linapoachana na shina: ngano ina vimasikio viwili vinavyokumbatia shina, oti haina kabisa, ina kiutando cheupe tu. Likikomaa chukua punje moja, kwa kawaida utaona vinywele chini na undevu mrefu mweusi uliopinda kama goti, nusu ya chini imejisokota. Tia mate kidogo weka kiganjani uone, inaanza kuzunguka yenyewe! Ikilowa inajisokotoa ikikauka inajisokota tena, ndo inavyojichimbia ardhini bila jembe la mtu. Na punje za juu zinakomaa mapema zinadondoka kabla kombaini, mashine ya kuvunia, haijaingia, halafu zinalala udongoni miaka, yani ukilima kina kirefu ukazifukia unazitunza tu, kuna watu hawataki kusikia hili.

Ila kama umeyaona kivulini kandokando ya mto mashariki mwa Marekani na vichwa ni bapa, hiyo ni Chasmanthium latifolium, wala sio oti. Kwenye matuta ya mchanga ufukweni huko huko kusini mashariki ni Uniola paniculata, inashikilia mchanga usipeperuke, na Florida ukiichuma ni kosa kisheria. Malisho ya Ulaya yenye nyasi ndefu za kudumu, fikiria Arrhenatherum elatius.

Bromus, kundi jingine la nyasi, nayo inachanganya wengi, hiyo angalia ala ya jani, yaani sehemu ya chini ya jani inayofunika shina: ya Bromus imefunga shina mzunguko mzima, ya oti imepasuka upande mmoja. Tupia picha ya hapo na ya punje.