Ukimkuta yule mwekundu, mwache majini

Nilidhani ni kitambaa chekundu kimenasa kwenye jiwe. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, pwani ya Jambiani, Zanzibar, yapata saa nne usiku, maji yamekupwa. Nilipomulika tochi, kitambaa kikakunjua kingo zake, kikaanza kuogelea.

Ni konokono wa baharini asiye na gamba, Hexabranchus sanguineus kwa jina la kitaalamu. Wapiga mbizi humwita mcheza densi wa Kihispania, kwa vile anavyopepea kama gauni. Usimdhanie jongoo bahari. Huyu ana matamvua sita ya kupumulia, yaliyochanua mgongoni.

Nilimbeba kwa mikono miwili ili nimpige picha vizuri. Hana mfupa, hana gamba; kinachomshikilia umbo ni maji. Mara alipotoka majini aliporomoka mikononi mwangu, donge la ute, matamvua yamelala. Nikamrudisha haraka. Akazama chali, asijigeuze. Nilisimama pale na tochi mpaka maji yalipoanza kurudi yakanifika magotini, na sikumwona akiamka. Picha niliifuta.

Kwa hiyo nakuomba: usimwinue, hata kama wenzako nyumbani hawataamini. Chuchumaa, mulika pembeni badala ya kummulika usoni, kisha subiri. Hutoka usiku kutafuta sifongo, wale wanyama wa baharini wanaoganda miambani, ndicho chakula chake, na sumu ya sifongo huihifadhi mwilini kujikinga. Wekundu ule ni onyo kwa samaki.

Ukiona jiweni kitu kama waridi, jekundu au la pinki, laini kama hariri, usilichume. Ni utepe wa mayai yake, maelfu kwa maelfu, aliouzungusha na kuugandisha hapo. Na jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa. Wanaoishi chini yake hawavumilii hewa.

Vaa viatu vya mpira, tena jua saa ya maji kujaa. Kwetu ukanda huu maji hupitia mikondoni kwanza, yakakuzunguka kwa nyuma huku wewe umeinama.

Bamvua iliyopita nilimkuta mwingine, mrefu kama kiganja na nusu. Sikumgusa. Nilipotulia, katikati ya matamvua kikachungulia kikamba chekundu chenye madoa meupe, kile kinachoishi juu ya mwili wake. Kikatembea mpaka ukingoni, kikarudi kujificha, na mwenyeji wake akaendelea na safari kuelekea kwenye sifongo.