Muulize Bi Bendera: Yule anayechupa mabegani

SWALI: Assalaam alaykum Bi Bendera. Sisi ni watu watano wa barza moja hapa Wete, na tumegombana. Dada yangu anaishi Melbourne na mumewe na watoto. Mwanawe wa pili ana miaka 17, anacheza ule mpira wa Australia, wenye mpira mrefu kama nazi ya kumbi. Kila Jumapili dada hunitumia video kwa WhatsApp nami naziweka barzani. Kuna moja kijana kachupa, goti lake limekaa begani mwa mtu, kaudaka mpira kwa mikono miwili na kaanguka nao. Hiyo tumeitazama si chini ya mara arubaini. Mimi nasema huyu atakuwa mchezaji mkubwa. Mwenzangu mmoja, anayefundisha watoto mpira hapa mtaani, anasema mguu wa kushoto hana, na wa kulia anapiga kama anayefukuza kuku. Wa tatu anasema ule si mpira khasa, ni vurugu. Wawili waliobaki wanasikiliza tu wapate kahawa. Tumekubaliana ukisema wewe, yamekwisha. Atakayeshindwa atanunua kahawa na kashata mwezi mzima. — Mjomba mtu, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu, na salamu kwa barza yote. Kahawa na kashata mwezi mzima ni pesa, kwa hiyo sikutaka kujibu haraka. Video sita ulizonitumia nimezitazama jikoni, na mchuzi mmoja wa pweza umeungua kwa ajili yenu.

Kwa msomaji mpya, hili jina la Bendera sikujipa. Niliishi Footscray, magharibi ya Melbourne, miaka kumi na miwili, na mwanangu alikuwa akicheza timu ya watoto ya mtaa. Kule waamuzi wa golini kwa mechi za watoto hawatoshi, wazazi ndio wanaosimama. Siku moja nikavishwa koti jeupe juu ya buibui, nikapewa bendera mbili. Mpira ukipita baina ya milingoti miwili mirefu ya kati ni pointi 6, napeperusha zote mbili. Ukipita baina ya mrefu na mfupi wa pembeni ni pointi 1, napeperusha moja. Misimu saba nimesimama pale, Julai, baridi ya kukata masikio, tope mpaka kwenye soksi. Na nikwambie, nyuma ya goli ndipo unapomuona mchezaji sawasawa, maana anakuja na uso wake kwako. Unaona hata pale anapoogopa.

Sasa hiyo ya goti begani. Wenyewe wanaita maki. Mpira ukipigwa kwa mguu ukasafiri mita 15 au zaidi, ukaudaka kabla haujagusa chini wala mtu mwengine, refa anapuliza firimbi na hakuna ruhusa ya kukugusa. Unarudi nyuma, unapumua, unapiga. Na kumpanda mwenzako mgongoni ukiwa macho yako yako kwenye mpira kunaruhusiwa. Mpwa wako kachupa vizuri sana, siwezi kukudanganya, hata mimi nilitoa sauti. Lakini nimeitazama mara mbili tu. Hizo nyengine tano ndizo zilizoniweka jikoni.

Katika ya pili yupo mita kama thelathini kutoka golini, kadaka, anapiga bila mtu wa kumsumbua, na mpira unakwenda pembeni, pointi 1. Mwalimu wako wa mtaani kasema kweli kwamba anapiga vibaya, ila kosa kalitafuta miguuni. Rudisha video, isimamishe pale mpira unapotoka mkononi. Unaona unavyopinda? Mpira ule hauwekwi chini ukapigwa, unaudondosha mwenyewe kutoka mkononi mpaka mguuni, na ukidondoka umelala upande basi hata mguu uwe wa dhahabu utakwenda upande. Mkono wake unauachia mapema na juu mno. Hilo linarekebishika uwani kwao, kwa kudondosha mpira mara mia kwa siku bila hata kuupiga. Mguu wa kushoto ni tatizo zaidi. Katika ya nne anauokota mpira, njia nyeupe iko kushoto kwake, naye anauzungusha mwili wote ili apige kwa kulia. Kwa vijana wa miaka 17 anapata nafasi ya kuzunguka. Kwa wakubwa, akimaliza kuzunguka atakuwa ameshalazwa chini na mtu wa kilo tisini.

Ya tano ndiyo iliyoniunguzia mchuzi. Pengine hamkuitazama, maana hana mpira. Timu yake inashambuliwa, yeye karudi nyuma kusaidia. Mpira unapigwa mrefu na mpinzani, bado upo kwenye mguu wa mpigaji, na mpwa wako ameshamwacha mtu wake na kuanza kukimbilia pale utakapoangukia. Kabla mpira haujapanda! Akafika, hakuudaka, akaupiga ngumi ukatoka nje. Akaanguka. Halafu akainuka na kumfukuza mwengine. Dada yako akaikata video hapo, kwa sababu yeye ni mama, anataka mabao.

Kuchupa kunafundishika kidogo na kunazaliwa nako kidogo. Kuujua mpira utaangukia wapi wakati wenzako wangali wanautazama mguu wa mpigaji, hilo sijaona mtu akifundishwa likakaa.

Hukumu yangu: msimwite mfungaji. Huyu ni beki. Makocha wake wanamweka mbele kwa sababu ni mrefu na anachupa na wazazi wanafurahi, lakini mbele atahitaji mguu, na mguu hana bado. Nyuma atahitaji macho, na macho anayo.

Mnaweza kusema beki si nyota. Hebu nikupeni hesabu ya mwaka mmoja. Kule vijana huingia ligi kuu kwa kuchaguliwa mmoja mmoja kila Novemba, wanaita drafti (si ile ya kete mnayochezea barzani). Novemba 2013 wa kwanza kuitwa alikuwa Tom Boyd, mshambuliaji wa mita mbili, kila mtu akimtaja. Wa 4 alikuwa Marcus Bontempelli. Ukashuka orodha, ukashuka, ukachoka, namba 44 akaitwa Aliir Aliir, kijana aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapo Kenya, wazazi wake watu wa Sudan Kusini.

Boyd alikaa msimu mmoja tu na timu iliyomchagua, halafu akaja kwetu Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka saba. Nasema kwetu kwa sababu uwanja wao wa mazoezi upo Footscray na mimi sina haya. Mtoto wa miaka 19, kila akikosa watu walikuwa wanakosana naye, kwenye treni, sokoni, kila mahali mtu kashika hesabu ya mkataba wake. Ikafika fainali ya tarehe 1 Oktoba 2016 na Sydney. Bulldogs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1954. Boyd akafunga matatu, na la mwisho kalipiga kutoka mbali kabisa, mpira ukaanguka mbele ya milingoti tupu, ukadunda, ukadunda, tukawa tunauombea dua jirani zangu wa Vietnam na mimi kila mtu kwa lugha yake, ukapita. 89 kwa 67. Hilo hakuna atakayemnyang'anya. Lakini mwaka 2019 alistaafu, ana miaka 23, baada ya majeraha na msongo wa mawazo ambao mwenyewe aliuzungumza hadharani. Bontempelli ndiye nahodha wetu tangu 2020. Na Aliir, namba 44? Hakucheza mechi ya ligi kuu hata moja mpaka 2016. Akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Anacheza nyuma. Kazi yake ni kuujua mpira utakapoangukia.

Sisemi mpwa wako ni Aliir. Niliwahi kujitia kimbelembele. Katika timu ya mwanangu palikuwa na kijana wa miaka 15 anachupa kama huyu wenu, nikamwambia kila mzazi kwenye kibanda cha chai kwamba huyu tutamuona kwenye televisheni. Palikuwa na mwengine mfupi, mwembamba kama kijiti cha mshikaki, kazi yake kuinama kwenye tope kuokota mpira ambao wenzake hawautaki kwa kuogopa kugongwa. Sikumtia hesabuni kabisa. Yule mchupaji leo ni fundi wa umeme, mtu mzuri, anacheza Jumamosi na rafiki zake. Kijiti cha mshikaki analipwa kucheza ligi ya jimbo. Siku ya mwisho kabla sijarudi alinibebea kiti cha uwanjani mpaka kwenye gari, nikaona aibu.

Muulize dada yako kijana anatimiza 18 lini. Akitimiza kabla ya mwaka wa drafti kumalizika, anaweza kuitwa Novemba hiyo. Asipoitwa asilie, siku hizi kuna mlango mdogo wa katikati ya msimu, na watu warefu huchelewa kuiva. Na mwambie dada, kwa heshima, asiikate video mwanawe akianguka.

Huyo wa tatu wenu, wa vurugu, mwambie kanuni za mchezo ule ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Chama cha mpira cha Uingereza, kilichotuletea hizi offsaidi tunazogombania, kimeundwa 1863. Kahawa mnunuwe watatu nyote, siku kumi kumi. Wawili waliokaa kimya ndio walioshinda.

SWALI: Bi Bendera, mimi mshabiki wa Yanga. Nimesikia kule Australia timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kijana bora wa kwanza. Huko si kuwalipa wavivu? — Mwanakwerekwe

JIBU: Kwa mshabiki wa Yanga najua inauma. Ndiyo, wa mwisho anatangulia kuchagua, na juu ya hapo kila klabu ina kikomo cha jumla ya mishahara, ili mwenye pesa asiwanunue wote. West Coast walioshika mkia 2023 ndio waliompata Harley Reid, kijana wa mji mdogo wa Tongala aliyekuwa akitajwa tangu hajamaliza skuli. Sasa fikiria utaratibu huo hapa kwetu: mtoto bora wa Unguja anakwenda kwa timu inayokaribia kushuka daraja, Simba na Yanga wanatazama. Mimi ningelipa kiingilio kuona sura zenu.

Kuna upenyo mmoja. Baba akiwa ameichezea klabu mechi 100 au zaidi, klabu hiyo ina haki ya kumdai mwanawe, mradi itoe nafasi zake za kuchagua zenye thamani yake. Nick Daicos kaingia Collingwood hivyo mwaka 2021, klabu ya babake, na msimu uliofuata akachukua tuzo ya kijana bora. Hapo wazee wa barza zetu wangeelewa vizuri sana, mtoto wa fulani.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 14, nacheza mpira na kaka zangu ufukweni jioni maji yakitoka. Wasichana wanaruhusiwa kucheza huo mpira wako? — Jambiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanacheza, na wana ligi yao tangu Februari 2017. Ilianza na timu 8, leo klabu zote 18 za ligi kuu zina timu ya wanawake. Mechi ya kwanza kabisa ilikuwa Carlton na Collingwood, Ijumaa usiku. Mimi na shoga yangu tulichelewa wenyewe, tulikuwa tunafunga chapati za kula njiani. Kufika, uwanja umejaa, mageti yamefungwa, maelfu ya watu nje. Tukazila chapati zetu barabarani tukisikiliza kelele za ndani, na sijawahi kufurahia mechi nisiyoiona kama ile.

Mchanga wa maji yaliyotoka ni uwanja mzuri, mgumu kidogo na hauumizi. Mchezo ule ukikimbia na mpira lazima uudundishe au uuguse chini kila mita 15, kwa hiyo jizoeze kukimbia unadundisha. Kaka zako wakikukataza golini kwa sababu wewe msichana, kubali. Simama nyuma ya goli uwatazame, maana hapo ndipo unapomuona mchezaji sawasawa.

SWALI: Fainali yao saa ngapi huku kwetu? — Mkoani

JIBU: Kwa kawaida ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Melbourne. Ikianza saa nane u nusu mchana kule, hapa ni saa moja u nusu asubuhi. Weka chai na boflo mezani mapema, na umwambie mke asikupe kazi ya sokoni mpaka saa nne.