Sheikh, nikinywa dawa za wasiwasi ndo imani yangu imepungua?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Pasua hapa Moshi. Tangu mwaka jana nina hofu ya magonjwa, nishapima moyo, ini, ukimwi, vyote safi lakini nikifika nyumbani naanza upya, presha napima duka la dawa pale Mbuyuni hadi yule kijana akiniona anatoa mashine bila kuuliza. Usingizi hamna, nalia ovyo. Daktari kaniandikia setralini, dawa ya wasiwasi, mume wangu anasema hizo za vichaa, nisome Qur-an tu. Boksi liko kabatini sijalifungua.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Binti yangu, kunywa. Nimetanguliza jibu usije ukasoma yote haya huku moyo unakwenda mbio.

Mtume (s.a.w) aliulizwa tujitibu? Akasema jitibuni enyi waja wa Allah, hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa, isipokuwa uzee, hadithi hiyo iko kwenye vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi. Hakubagua akasema malaria nendeni kwa tabibu, ya kichwani vumilieni. Na hili la imani, nani atathubutu kusema Nabii Yaaqub imani yake ilikuwa ndogo wakati sura Yusuf inatuambia macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni? Tena sio mambo ya wazungu, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alishaandika kwamba kuna huzuni ina sababu yake inajulikana, na kuna nyingine haina sababu, chanzo chake ni mwilini, na hiyo inatibiwa mwili.

Sasa hayo ya kupima pima. Mtu katia udhu kwa uhakika, af akashuku umetenguka, sisi tunamwambiaje? Udhu wako upo, swali, yakini haiondolewi na shaka. Basi majibu ya daktari ndo yakini yako, Mbuyuni nenda kanunue ndizi, presha usipime mpaka daktari akuambie, maana kila ukipima unatulia kidogo tu halafu wasiwasi unarudi na nguvu, ni kama yule anayerudia udhu mpaka rakaa zinampita.

Dawa yenyewe haifanyi kazi siku hiyo hiyo, ni wiki kadhaa, na wasiwasi wa kujirudia rudia huchelewa zaidi, inaweza kufika wiki 12. Mwanzoni kichefuchefu, kichwa kuuma, hata hofu kupanda kidogo, we kwa ulivyo utasema ndo nakufa, hapana, mpigie daktari. Ila yakija mawazo ya kujidhuru usisubiri, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na ukipata nafuu usiache ghafla, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo yake.

Ramadhani isikutishe, ni dozi moja kwa siku, muulize daktari kama uinywe futari au daku. Qur-an soma, adhkari za asubuhi na jioni usiache, hakuna aliyesema uchague kimoja.

Mumeo mwambie aje tuonane baada ya swala ya Ijumaa, na lile boksi aje nalo.