Kwa vijana wa fildi: msilisingizie jua

Juzi mmoja wenu kaniletea slaidi: mstari wa madoa ya jua (yale mabaka meusi usoni pake, huongezeka likichangamka), mstari wa kina cha Ziwa Victoria, vinapanda na kushuka pamoja kama mapacha. Eti jua ndilo linaloongoza ziwa, na ndilo linalopasha dunia. Nilicheka, kisha tumbo likanikata. Kaeni niwaambie.

1. Tazameni grafu inaishia mwaka gani. Yangu iliishia 1922. Ni vipimo vya kina cha ziwa tangu 1896. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, aliuona uwiano huo mwaka 1923, na kwa miaka ile ulikuwepo kweli. Miezi minne kazini, nikaibeba hadi mwalo mmoja huku Mwanza, tulikokwenda kueleza marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya zile mita 60 za kando ya ziwa. Shati jipya, projekta juu ya ndoo ya dagaa iliyofudikizwa. Nikashusha somo la madoa, yanavyoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11. Diwani akainuka: "Kumbe ni jua! Sasa mnatufukuza ufukweni kwa kosa gani?" Makofi. Bosi wangu akainamia daftari, na sitaki kujua aliandika nini.

Mzee mmoja mvuvi akanyoosha mkono. "Mwanangu, picha yako inafika 1964?" Haifiki, mzee. "Mvua za Uhuru zilileta maji mpaka jikoni kwa mama. Hiyo 1964 ndiyo yalizidi. Jua lako mwaka huo linasemaje?" Nikafungua jedwali mbele ya watu wote, kidole kinateleza kwa jasho. 1964 jua lilikuwa chini kabisa ya mzunguko wake. Nikazima projekta mwenyewe.

2. Kati ya kilele cha mzunguko na bonde lake, nguvu ya jua hutofautiana kwa asilimia 0.1 hivi. Kariri.

3. Jua lingekuwa ndilo linalotupasha, stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi, nayo ingepata joto. Inapoa. Kaboni dioksaidi imetoka sehemu 280 hadi zaidi ya 420 katika kila milioni ya hewa, na si jua lililochoma makaa ya mawe.

4. Kina cha ziwa ni habari ya mvua, msichanganye na joto la dunia. Na udongo unaoporomoka kwenye mazalia ya samaki haujali madoa, kwa hiyo mita 60 ziteteeni kwa hoja yake. Diwani yule alijenga banda lake ndani ya hizo mita. Mei 2020 ziwa likaivunja rekodi ya 1964, akanipigia simu maji yakiwa magotini: "Mtaalamu, jua linasemaje?"

Nikamwambia limelala.