Muulize nahodha maji kwanza, bei baadaye

SWALI: Shikamoo shangazi. Sisi ni kikoba cha akina mama 22 hapa Lindi mjini, mwaka huu tumegawana tukabakisha kidogo ya kwenda kutembea. Wengine walitaka Dar ila wengi tumesema tupande boti tuingie mto Lukuledi tuone mikoko, tule, turudi jioni. Sasa nahodha wa kwanza anasema tutoke saa 12 alfajiri, wa pili anasema saa 3, na kila mmoja anamuona mwenzie muongo. Nani mkweli? Na je, kuna cha kuona kweli, au tutaenda kutazama matope? – Mweka hazina, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kubakisha, vikoba vingi vikigawana havibakishi hata ya soda.

Manahodha wote wawili wakweli, inategemea umewatajia tarehe gani. Ule mkono wa mto unajazwa na bahari, kwa hiyo unaoongoza safari ni mwezi siyo saa ya ukutani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, afu saa 4 asubuhi yamekupwa mpaka mizizi ya mikoko inabaki juu kama vidole. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50, mpaka mkifika tarehe 8 au 9 ya mwezi mwandamo, ama 23 au 24, yanajaa kwenye saa 5 hivi asubuhi. Hayo ni maji mafu, hayapandi juu sana lakini kwa nyie ndo mazuri, mnatoka saa 3 maji yanawasukuma kwenda ndani, mnakula, saa 8 yanawarudisha wenyewe, hata mafuta yanapungua. Kwa hiyo chagua tarehe kwanza, afu ndo uongee bei, na kodi boti nzima usikubali bei ya kichwa.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Tulikuwa na bibi harusi na mashangazi zake, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukatoka saa 1 asubuhi tukiimba, saa 3 boti ikakaa kwenye tope, ikalala upande kidogo, nahodha akashika upondo akasukuma wee, upondo ukazama nusu yake na boti haijasogea hata shibri. Tumekaa pale mpaka saa 8 na nusu. Pilau lilipoa, sawa, lakini akina mama kumi na tano hakuna choo na pembeni tope mpaka magotini, hiyo siielezi zaidi. Kwa hiyo kabla hamjapanda kila mtu aende msalani, nasema kila mtu, na mpange kushuka ng'ambo Kitunda wakati wa kurudi.

Ila kwa kukwama ndo nikaona vitu! Tope likianza kukauka wanatoka kaa wadogo wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, anakaa analipunga kama mtu anaita bodaboda, na vile visamaki vinavyotembea kwenye tope vikapanda mizizi vikatukodolea macho. Halafu mdiria anatulia juu ya tawi, ghafla chubwi, kashaibuka na samaki.

Na hayo maji yana habari zake. Oktoba 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Wajerumani, Präsident, ilikuwa imekimbilia ndani ya mto huuhuu, Waingereza wakaingia wakaipekua wakakuta makaratasi ya makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji, ndo wakajua manowari Königsberg imejificha kule, na Julai 1915 wakaimaliza. Mkwaya nako, mwambie nahodha awaonyeshe, ndo ilipoanzia reli ya ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga baada ya vita vya pili, ya kwenda Nachingwea, ikafungwa 1962. Karanga zenyewe hata hazikutosha kujaza kikaango, lakini hayo ya wakubwa.

Usalama sasa. Muombe nahodha akuonyeshe leseni ya TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, umuulize imeruhusiwa abiria wangapi, na kama ni 15 basi nyie 22 mnapanda boti mbili, msije mkabanana eti tumezoeana. Laifu jaketi kila mtu yake na aivae, siyo ya kukalia, na uzihesabu wewe mwenyewe pale ufukweni maana "zipo" ya nahodha siyo idadi. Mikono ndani ya boti, kuogelea mtoni hapana. Kama ni miezi ya kusi, Juni Julai, huko ndani ya mikoko kumetulia ila mkitoka mdomoni mwa mto jioni upepo unakuwa mkali, mrudi mapema na simu zote kwenye mfuko wa nailoni.

Spika ya mziki iacheni nyumbani, ndege wote watakimbia na hamtasikia nahodha akiwaambia kaeni chini.

Chakula msibebe masufuria makubwa, samaki wa kukaanga na mihogo vinatosha. Na kama nafasi itabaki moja mniambie mapema, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, nitaleta mimi.